Msumeno Juu ya Udongo Mweusi

Jumatatu, 13 Aprili 1959

Asubuhi mawingu membamba upande wa baharini. Upepo hakuna. Joto lilianza kabla ya chai. Dalili ya mvua, sifuri.

Mashine imefika! Saa nne na robo, juu ya lori kutoka Mombasa, ndani ya sanduku la mbao. Kabati la chuma lenye kimo cha kiuno changu, meza ya chuma juu yake, na katikati ya meza ule mwanya ambamo msumeno wa duara utachomoza. Baba aliiagiza mwaka jana — yeye akisema, mimi nikiandika barua. Mashine imefika salama. Mwenyewe hakuisubiri. Tulimzika Februari.

Wanaume kumi na mmoja kuishusha. Niliwahesabu. Kumi na mmoja wakitoa amri, wa kuitii hakuna. Kona ya sanduku ilitua juu ya mguu wa Hirsi mwenye duka, ambaye hakuwa amebeba chochote. Alikuwa anaelekeza.

Baada ya chai Baba Mdogo Hiribae, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, akatoa hukumu akiwa amekalia sanduku lenyewe. Feri ya hapa mtoni inahitaji sakafu mpya. Msimamizi wa feri, Bwana Karisa, atakuja Ijumaa ya tarehe 24 kuona mbao sita za mfano zikipasuliwa mbele yake. Akiridhika, kazi ni yetu na mashine inabaki kwenye karakana ya Baba. Asiporidhika, Hirsi anaichukua, ana jamaa yake Garissa anayeitaka. Chuma bila mwanamume ni mzigo tu, alisema. Na mwanamume aliyeteuliwa ni Kaviha, mdogo wangu, ambaye kazi yake kubwa mpaka leo ni vitanda viwili. Kimoja kinayumba.

Nikasema kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza, nitakisoma mimi. Baba Mdogo: "Vizuri, mwanangu. Utusomee." Kwa sauti ile ya kumpa mtoto mwiko aushike wakati wakubwa wanapika.

Siku kumi na moja. Likizo ya shule ninakofundisha inaisha tarehe 3 Mei. Inatosha. Nimeandika orodha: kusafisha, kusawazisha, kulinganisha, kujaribu.


Jumanne, 14 Aprili

Kumekucha kweupe, mbingu kama sahani iliyooshwa.

Chuma kilipakwa grisi nzito kiwandani kisishike kutu safarini. Kitabu kinasema iondolewe kwa mafuta ya taa na kitambaa laini. Kaviha aliianza kwa mchanga wa mtoni! Mchanga — juu ya meza iliyosuguliwa ikawa laini kama kioo! Nilifika amekwaruza eneo la viganja viwili. Ati ndivyo sufuria zinavyong'arishwa. Nikamwambia basi aipikie wali.

Halafu kufungua nati ya msumeno. Hii inafungwa kinyume, mzunguko wa msumeno usije ukailegeza. Ukurasa wa nane, mstari wa tatu, na mchoro upo. Nilisoma kwa sauti. Hirsi (mguu umefungwa kitambaa, lakini ulimi haujaumia) akasema Wazungu huandika kinyume kwa makusudi, ili vitu viharibike tununue vingine. Wote wakaona hilo lina akili. Kaviha akaikaza kwa spana, akidhani anafungua. Alipochoka akachukua nyundo. Nilikaa juu ya kigogo nikasubiri. Baada ya robo saa, jasho likimtiririka, akajaribu upande wa pili "kuipumzisha". Ikafunguka.

Wakampigia makofi. Fundi! Fundi!


Jumatano, 15 Aprili

Jua. Nyufa za ardhi ndani ya karakana zinaingia kidole changu cha shahada mpaka fundo la pili.

Ukurasa wa nne: mashine isimamishwe juu ya saruji, unene wa inchi sita. Saruji ilikuwepo. Mifuko minne, Baba aliinunua kwa kazi hii hii, akaandika juu yake kwa chaki, MASHINE. Mwezi wa pili waliimimina yote juu ya kaburi lake. Baba Mdogo aliamua, watu wa mazishi wakaitikia, na mimi nilikuwa bado njiani natoka shuleni. Baba, aliyechukia kupoteza hata msumari uliopinda! Amelala chini ya msingi wa mashine yake.

Sikulisema leo. Nilisema tu: saruji hakuna, tutalaza magogo manne mazito, tuyasawazishe kwa kabari. Baba Mdogo akasema hayo ndiyo aliyotaka kusema yeye.


Alhamisi, 16 Aprili

Joto, vumbi. Hakuna wingu.

Magogo yamelazwa. Nilitoa pima maji ya Baba, ile ya mti mweusi, nikaiweka juu ya meza. Povu likakimbilia upande wa mlango. Kaviha akatazama kwa jicho moja akasema iko sawa. Babu yetu alichonga mitumbwi kwa jicho tu na hakuna uliozama. Nikamjibu: mtumbwi ukiinama kidogo, mwenye kupiga kasia huhamisha makalio. Msumeno hauna makalio.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akakataa pima maji.

Saa tisa wakawasha injini ya dizeli iliyo nje, mkanda umepita tundu la ukuta mpaka kwenye mashine. Mlio mkubwa! Hata mimi moyo ulinidunda, nakiri. Kaviha akasukuma ubao wa kwanza. Ulikwenda robo yake. Msumeno haukuwa sambamba na ile reli inayoongoza ubao. Ubao ukabanwa, ukapiga kelele, halafu — siwezi kusema niliuona. Nilimwona Kaviha ameanguka kitako, na ukuta wa makuti nyuma yake una tundu. Ubao ulikutwa uani, umekita kwenye banda la kuku. Ulipita vidole viwili kutoka mbavu zake.

Hirsi: "Hii mashine ina jini." Akaondoka mwenye furaha.


Ijumaa, 17 Aprili

Hakuna kazi. Kaviha anaumwa tumbo, anasema. Ninalijua tumbo hilo. Limeingia na tundu la ukutani.

Imebaki wiki moja.


Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi shwari, mbingu bado kavu.

Wanaume wote wameenda Ngao kwenye harusi, watarudi kesho. Nikafunga mlango wa karakana kwa ndani. Saa mbili hadi saa nane.

Kwanza kabari. Kabati likikalia pembe tatu na ya nne ikaning'inia, chuma chote kinapindika, na meza inavuta msumeno upande. Nilipiga kabari kidogo kidogo, pembe kwa pembe, mpaka povu likatulia katikati. Nikageuza pima maji. Katikati tena. Kisha nikatia alama ya chaki kwenye jino moja la msumeno. Nikapima kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji uliochongwa juu ya meza, mbele. Nikauzungusha msumeno kwa mkono, nikapima jino lile lile, nyuma. Tofauti unene wa karatasi tatu. Nikalegeza bolti za meza, nikaisukuma, nikakaza. Karatasi moja. Tena. Hakuna.

Hakuna! Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Mtu anayejua kusoma na mwenye subira ya saa sita. Hilo tu ndilo jini lake.

Nilipofungua mlango nikamkuta Adano amekaa kivulini na kibuyu. Ni yule mzee Muorma anayetuletea maziwa. Hana haraka ya maisha. Akachungulia magogo kwa muda mrefu, akaingiza fimbo yake kwenye ufa wa ardhi, akaitoa, akaitazama ncha.

"Mwalimu, hii chini si mzuri. Maji nakuja."

Nikamwonyesha mbingu. Nikamwuliza maji gani.

"Ya huko juu. Ng'ombe yangu nahama tangu jana."

Nikamlipa maziwa nikamshukuru. Mbinguni hakuna wingu la ukubwa wa leso, na mimi nina pima maji iliyotengenezwa Uingereza. Yeye ana ng'ombe.


Jumapili, 19 Aprili

Kanisani. Mahubiri marefu. Wanaume wamerudi jioni wakinuka pilau na ushauri.


Jumatatu, 20 Aprili

Kweupe tena.

Baba Mdogo alimsukuma Kaviha mpaka mbele ya mashine. Nikampitia karibu nikamnong'oneza: sukuma tu, pole pole, nimeiweka. Akanitazama. Akasukuma. Ubao ukapasuka kama sabuni! Wa pili. Wa tatu. Nilipima upana wake ncha hii na ncha hii: sawasawa.

Baba Mdogo akatangaza kwamba mashine, kama punda, huanza kwa ukaidi kisha humjua bwana wake. Kaviha alisimama ananyonya sifa hiyo kama kupe. Nilingoja aseme neno. Jioni aliniletea kipande cha kitambaa, akasema, "Hiki cha kupangusia meza ile, dada." Ndiyo shukrani yake. Kitambaa chenyewe ni cha shati langu la zamani.


Jumatano, 22 Aprili

Umande mwingi asubuhi. Si kawaida.

Imehama! Ubao wa kwanza ulianza kubanwa, nikapiga ukelele, Kaviha akavuta mkanda. Nikaweka pima maji: povu limeenda upande wa mto. Nikapima jino: karatasi nne.

Nani ameigusa? Nilimwuliza Kaviha mbele ya watu. Akaapa. Nikamwambia viapo vyake navijua tangu enzi za kuiba sukari utotoni. Nikasema mengine pia, sitayaandika. Hirsi alikuwepo, akanywa maneno yangu yote kama chai.

Mchana kutwa narekebisha. Wamekaa wanatazama. Sasa wanajua ni nani anayerekebisha, hawawezi kusema hawajui! Kazi hiyo Baba Mdogo anaiita "kuipangusa".


Alhamisi, 23 Aprili

Mbingu nyeupe, mvua hakuna. Lakini.

Saa kumi na mbili niliingia karakana. Povu limehama tena, na usiku nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli, ufunguo shingoni. Nikainama chini kutafuta nyayo. Sikuona nyayo. Sikuona nyufa pia. Zimefumba. Ule uliokuwa unameza kidole changu, leo haupitishi ukucha.

Nikatoka mbio mpaka mtoni. Maji yamepanda usiku mpaka kwenye matete, mekundu, yanabeba magogo na jani bichi la mti ambao huku haumei. Mvua imenyesha milimani, siku kadhaa kutoka hapa, juu ya watu wasiojua kama sisi tupo. Na udongo mweusi chini ya sakafu yetu unayanywa chini kwa chini na kuvimba, na kuinyanyua mashine yangu kama mkate.

Nimezaliwa hapa. Nimeufundisha mto huu ubaoni, chanzo chake, urefu wake, mahali unapomwagika. Nilikuwa natazama mbinguni kama mgeni.

Nikamfuata Adano. Alikuwa amesogeza ng'ombe nusu maili. Nilimwuliza maji yatapanda siku ngapi. Hakunicheka, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenicheka. Akafikiri.

"Napanda siku saba, nane. Halafu nakaa. Halafu nashuka. Hii chini napanda, nakaa, nashuka na yeye."

"Basi mashine itahama kila siku?"

"Kila siku. Kama ng'ombe ya kukamua. Leo nakamua, kesho nakamua."

Kwa hiyo si kazi ya mara moja. Kila alfajiri, mpaka udongo ukauke, pengine mpaka Juni, mtu apime na kurekebisha kabla injini haijawashwa. Mimi naondoka tarehe 3.

Saa kumi nikamwita Kaviha nimfundishe. Nilikusudia upole, nashuhudia. Kabari alizielewa. Kwenye jino la msumeno akapima jino moja mbele na jino jingine nyuma. Nikamwambia jino lile lile. Akakosea tena. Mlangoni walikuwa wamekuja watu wanne. Nikasema watoto wangu wa darasa la pili wangeshamaliza na kwenda kucheza.

Akaweka chaki juu ya meza, pole pole sana, akatoka.

Sawa. Aende.


Ijumaa, 24 Aprili

Alfajiri ukungu, kisha jua kali. Mto umepanda tena, shibiri moja na nusu kwa kijiti nilichokichomeka ukingoni jana.

Nimerekebisha saa kumi na moja, peke yangu. Dakika ishirini na tano. Nazidi kuwa mwepesi.

Bwana Karisa alifika saa tatu. Mgiriama mnene, mpole, kaptula imepigwa pasi, daftari kwapani. Mtu wa kwanza mwezi huu kupima kitu bila kukisifu kwanza. Kaviha alisukuma mbao sita. Sita zote safi. Bwana Karisa akaziweka ubavu kwa ubavu, akapitisha ukucha kwenye maungio, ukucha haukukwama. Akapima meza. Akapima reli. Akauliza, "Nani ameiweka hii?"

Nilisikia kuku uani.

Nilikuwa nimejiambia sitajibu mimi. Ndugu yangu ana mdomo, na Baba Mdogo ana mdomo mkubwa zaidi. Nikamtazama Kaviha. Kaviha akatazama vidole vya miguu yake kama vile vimeletwa leo na lori.

Adano akasema kutoka mlangoni, "Huyu mama. Mwalimu."

Wakacheka! Wote. Hirsi alishika ukuta. Baba Mdogo akapangusa macho, akaeleza kwamba mwanawe huyu amesoma sana, huwatafsiria kitabu, na mzee wa maziwa haelewi mambo ya mashine. Bwana Karisa naye akatabasamu — si kwa ubaya, kwa adabu ya mgeni. Akafungua daftari. Nilikuwa karibu, nikaisoma kalamu yake juu chini, kazi niliyoizoea. Fundi: Kaviha. Mbao mia tatu. Kuanza kesho, saa kumi na mbili asubuhi.

Mashine inabaki. Ndilo nililolitaka, na nimelipata. Niliandike tena nilione: mashine inabaki.

Jioni, wakila mbuzi, niliingia karakana na taa. Povu limehama upande wa mto. Jino: karatasi tano. Haijawahi kufika tano. Siku ile ya tundu la ukutani ilikuwa tatu.

Nikatoka nikamwambia Kaviha, mbele ya sinia. "Imehama. Kesho usiwashe mpaka ipimwe."

Alikuwa na mfupa mkononi. "Dada, leo imepasua sita. Umeona mwenyewe. Au zile nazo walikata darasa la pili?"

Kicheko cha nyumba nzima. Kizuri, nakiri. Alikuwa amekitunza tangu jana.

Nikamgeukia Baba Mdogo. Akasema mwanangu, tumeshukuru, kitabu sasa kirudi nawe shuleni kisije kikaliwa na mchwa, na je, chai ipo? Nikapika chai. Nikaigawa. Vikombe kumi na vinne.

Wameenda kulala. Kaviha ndiye wa mwisho, anaimba. Kesho atasimama pale pale aliposimama siku ile, nyuma ya ubao, mbavu mbele. Amejifunza kusukuma kwa nguvu, hana woga tena. Woga nilimwondolea mimi.

Nimemwambia. Nimemwambia mara moja, mbele ya mashahidi, kwa Kiswahili chepesi.

Lakini si mashahidi ninaowafikiria.

Kurekebisha ni dakika ishirini na tano. Nikiamka saa kumi na moja, muda unatosha na kubaki. Nikifanya hivyo kesho nitafanya keshokutwa, na siku ya pili yake, gizani kama mwizi, mpaka tarehe 3. Kisha nitapanda lori, na tarehe 4 atawasha.

Au nimwamshe sasa, nimshike mkono, nimwonyeshe jino bila neno lolote, bila hata moja. Nimesimama mlangoni kwake. Anakoroma. Nimerudi.

Saa ya mezani nimeijaza. Kengele ya saa kumi na moja sijaitega. Nimezima taa, nimeiwasha, nimeizima, na sasa imewaka tena ili niandike hili.

Saa nane kasoro dakika kumi. Nalala.